Jim Martin: Mwanajeshi wa Miaka 14

Tunapenda kuwahubiria vijana habari za Daudi na Goliathi. Mara nyingi tunasahau kwamba Yese alimtuma mwanawe kambini kuwapelekea ndugu zake chakula, si kupigana. Tena katika kitabu cha Hesabu, sura ya 1, waliohesabiwa kwenda vitani ni wanaume wa miaka 20 na zaidi. Wadogo hawakuhesabiwa.

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mpaka huo ulivukwa mara nyingi. Tumtazame kijana mmoja wa Australia, James Martin, aliyeitwa Jim.

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1901 katika mji mdogo wa Tocumwal, mtoto wa kiume pekee wa Charles na Amelia Martin. Baba yake alizaliwa New Zealand katika familia ya Kiyahudi, akabadili jina la ukoo. Baadaye familia iliishi Hawthorn, Melbourne, na mama akapangisha vyumba nyumbani.

Vita vilipoanza, baba alitaka kujiandikisha, akakataliwa. Jim akasema ataenda yeye. Wazazi walipomkatalia, alisema atajiandikisha kwa jina la uongo na hatawaandikia barua kamwe. Kwa kuogopa kumpoteza kabisa, walitoa idhini. Tarehe 12 Aprili 1915 aliapishwa kama kijana wa miaka 18. Alikuwa na miaka 14 na miezi 3.

Aliondoka Melbourne mwezi Juni, akapitia Misri. Tarehe 2 Septemba meli yao, Southland, ilipigwa na nyambizi ya Wajerumani, naye akakaa majini saa kadhaa kabla ya kuokolewa. Siku chache baadaye aliteremka Gallipoli, Uturuki. Aliwaandikia wazazi, lakini barua zao hazikumfikia. Katika mahandaki alishikwa na homa ya matumbo, asitake kuondoka mpaka alipozidiwa. Tarehe 25 Oktoba alipelekwa kwenye meli ya hospitali, na jioni hiyohiyo moyo wake ulisimama. Alizikwa baharini. Anaaminika kuwa mwanajeshi mdogo kuliko wote wa Australia waliokufa katika vita hivyo.

Tusiwe wepesi kumhukumu Amelia. Mzazi aliyewahi kuambiwa na mwanawe, "Nikubalieni au mtanikosa," anaujua uzito huo. Wala idhini yake haikutosha peke yake kumfikisha vitani. Yuko karani aliyeandika 18, yuko daktari aliyempima, wako maofisa waliompokea. Na makanisa mengi ya wakati ule yaliwahimiza vijana wajiandikishe. Jim alisema uongo kuhusu umri wake, lakini watu wazima wengi waliuhitaji uongo huo.

Ndugu wapendwa, vijana wetu nao wanatamani kujitoa, na moyo huo ni zawadi ya Mungu. Basi mtoto anapotaka kubeba mzigo wa wakubwa, iwe ni vita, vurugu za siasa au kazi ya hatari, tusimwachie mama yake peke yake kazi ya kusema hapana. Mzee wa kanisa, mwalimu na jirani waseme pamoja naye.