Ujiji na Mizani ya Ushairi

Wanafunzi wa fasihi wafikapo kwenye ushairi wa Kiswahili, huanza kwa kutaja miji: Lamu, Mombasa, Pemba. Hapo husimama, kana kwamba ushairi haukupata kamwe kupanda gari la moshi. Basi huwauliza: kitabu kilichotuwekea sheria za kutunga, kikategemewa na walimu kwa miongo mingi, mwandishi wake alizaliwa wapi? Wachache hujua ya kuwa ni Ujiji, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini.

Kaluta Amri Abedi alizaliwa huko mwaka 1924. Kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilipigwa chapa mwaka 1954. Mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria, wadhifa uliomkaa vema mtu wa kitabu kile. Na mwaka 1964 akafariki dunia, hata umri wa makamo hajaumaliza.

Yafaa msomaji akumbuke Ujiji ni mji wa namna gani. Burton na Speke walipowasili Februari 1858, waliwakuta wafanya biashara wa pwani wamekwisha kufika, na pembe na watumwa wakiuzwa. Kiswahili kilikwenda kule kwa miguu, kwa njia ya misafara ipitayo Tabora, zaidi ya miaka hamsini kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914. Waha wenyeji, Wamanyema waliotoka ng'ambo ya ziwa, Waarabu na watu wa pwani, wote walikutana sokoni, na lugha ya sokoni ikaingia nyumbani.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Mtoto wa Lamu haambiwi mizani ni nini; ameisikia tangu kubebwa mgongoni. Aliyekulia mbali na chemchemi humlazimu kuuliza maji yanapitaje. Nadhani ndiyo sababu sheria ziliandikwa na mtu wa ziwani: hakuna anayeandika kanuni ya jambo ambalo kwao halihitaji kuelezwa.

Chukua vina. Lugha nyingi za bara hazitenganishi l na r. Kwa sikio la namna hiyo, "asali" na "habari" zaweza kudhaniwa zina kina kimoja. Kanuni iliyoandikwa husimama mahali pa sikio. Au chukua mizani. Mwanafunzi aliyelelewa karibu na Wakongo husema "mutu", na wenzake humcheka. Lakini hesabuni: m-tu, mizani mbili, mu-tu, mizani mbili. M-go-njwa na mu-go-njwa, tatu tatu. Mizani ya washairi imeitunza ile irabu iliyokwisha kumezwa na ulimi wa pwani. Darasani hakuna somo linalozima kicheko upesi kama hili.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani ya mapokeo, na ugomvi ukawaka. Wanafunzi hupenda kuueleza kuwa ni vita vya pwani na bara. Maelezo hayo hayatoshi hata kidogo. Kezilahabi alikuwa mzaliwa wa Ukerewe, kisiwani katika Ziwa Viktoria. Aliyeandika sheria alitoka Ziwa Tanganyika. Mwaka 1976 Kahigi na Mulokozi wakakiita kitabu chao Malenga wa Bara, jina lisiloomba ruhusa kwa mtu. Aliyefunga na aliyefungua, wote ni wa bara. Na mwanafunzi asiyeliona hilo atamsoma Amri kama mlinzi wa mali ya wengine, hali yeye alikuwa akidai sehemu yake.

Kuna kosa jingine, nalo ni la mitihani yetu zaidi kuliko la vijana. Kitabu kina sehemu mbili, sheria na diwani, na wengi hukifunga katikati. Huhesabu kumi na sita kwa vidole, wakaandika "shairi limetimia", wakaweka kalamu chini. Amri mwenyewe alishikilia kwamba shairi sharti liimbike. Kwa hiyo diwani huisoma nao kwa sauti, kalamu zikiwa mezani, na kuhesabu tunakuacha hadi mtu aseme ubeti umemgusa wapi. Ndipo twarudi kwenye mizani kutafuta kwa nini ni pale.