Mamba ilikuwa graveli kabla graveli haijazaliwa

Wiki hizi inboksi yangu ina swali moja tu: hizi baiskeli za graveli zenye springi kwenye foku ya mbele, zinafaa huku kwetu nje ya kisiwa ama ni maringo ya wazungu? Niliazimwa moja siku kumi, nikaizungusha Likoni, Kisauni na Changamwe, na jibu ninalo. Lakini halitaeleweka kama hujui hii kitu imetoka wapi, kwa hivyo leo mtanivumilia na historia kidogo. Chuo sikumaliza, lakini kusoma sikuacha.

Baiskeli za miaka ya 1860 kule Ulaya zilikuwa na magurudumu ya mbao yaliyovishwa chuma, na Waingereza wenyewe walizibandika jina la kitikisa-mifupa. Halafu 1888, daktari mmoja wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, John Boyd Dunlop, akatengeneza tairi ya upepo kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Hapo ndipo mambo yote yalipobadilika. Hewa iliyofungiwa ndani ya mpira ndiyo springi ya kwanza ya maana kwenye baiskeli, na kwa maoni yangu mpaka leo hakuna iliyoishinda kwa bei.

Sasa twende kwa Mamba. Black Mamba, ile nyeusi, nzito, breki za vyuma badala ya nyaya, keria nyuma ya kubeba dunia nzima. Mtindo wake ni wa Kiingereza, wa enzi za Raleigh ya Nottingham, kisha Wahindi na Wachina wakauchukua: Hero ya Ludhiana, Phoenix ya Shanghai. Tuliyoipenda sisi ilikuja hasa kwa njia hiyo ya pili.

Chukua tairi ya Mamba usome maandishi ya ubavuni: 28 x 1½. Kwa milimita hiyo ni kama 40 ya upana. Sasa nenda katazame graveli ya kisasa inayouzwa kwa bei ya kukufanya ukae chini. Tairi nyingi zake ni 40, 42, 45. Yaani upana ule ule! Itazame na foku: ya Mamba imelala mbele na kujipinda ncha, chuma chenyewe kinanesa kidogo ukipiga shimo. Graveli mpya nazo zinalazwa foku mbele ili zitulie kwenye njia mbovu. Tofauti ni moja, Mamba springi zake ziko chini ya kiti. Aliyeitengeneza alijua mwenye baiskeli atakaa saa nyingi na mzigo mgongoni pake, kwa hivyo aliyeokolewa ni makalio, siyo viganja.

Na njia mchanganyiko tunayoimbiwa leo kama jambo jipya, kwani watu wetu walikuwa wakipita wapi? Muuza samaki wa Kisauni alianza kwenye mchanga, akaja mawe ya matumbawe, akaja lami, akavuka lile daraja la kuelea la Nyali lililofunguliwa 1931 na kubaki mpaka 1980 lilipokuja hili la zege. Wa Likoni alimaliza mchanga wake na kushuka mteremko wa feri akishika breki kwa dua. Madafu, mkate, mitungi ya maji, makaa. Hata neno boda boda lilianzia kwa baiskeli, kule mpaka wa Busia, ambako watu walibebwa kwenye keria kutoka boda mpaka boda. Pikipiki zilikuja kurithi jina baadaye, hasa baada ya serikali kuziondolea ndogo kodi ya VAT mwaka 2008 hivi.

Springi ya mbele nayo ina hadithi yake, na imeanzia mbali na sisi. Miaka ya 1970, vijana wa Marin County huko California walikuwa wakiteremka milima kwa baiskeli kuukuu za miaka ya 1930, nzito, tairi nene, bila springi yoyote. Ukiniuliza, ni binamu za Mamba. Mashindano yao yaliyovuma, Repack, yalianza 1976. Springi ilikuja 1989 na foku ya RockShox RS-1, kazi ya Paul Turner, mtu aliyetoka kwenye ulimwengu wa pikipiki za mashindano. Ilikuwa ikishuka karibu milimita 50.

Halafu ikatokea kitu ambacho wengi hawakijui. Foku hizo zikaingia kwenye mbio za barabara. Paris-Roubaix ni mbio za Ufaransa zinazopita kwenye barabara za mawe ya kupanga, fikiria kabro zetu lakini kila jiwe limekaa kivyake. Gilbert Duclos-Lassalle akashinda 1992 akiwa na foku ya RockShox, akashinda tena 1993, na 1994 akashinda Andrei Tchmil na foku ya aina hiyo. Miaka mitatu mfululizo! Ungedhani kila mtu angenunua. Wapi. Baada ya muda waendeshaji wakaachana nazo, wakarudi kwenye foku za kawaida, na miaka ikienda wakagundua kuwa tairi pana yenye upepo mdogo inawapa faida kubwa bila uzito.

Mwaka 2021 kampuni ile ile ikatoa Rudy, foku ya graveli inayoshuka milimita 30 au 40. Chini ya ile ya 1989. Kwa hivyo mtu akikuambia ni teknolojia ya kesho, mwambie shikamoo.

Sasa hizo siku kumi zangu. Kwenye kabro, springi inasaidia lakini si sana. Kabro ni mtetemo mdogo mdogo wa haraka, na huo unamalizwa na tairi. Nilipopunguza upepo nilisikia tofauti kubwa kuliko nilipofungua springi. Kwenye mchanga wa Likoni, kuelekea Shelly, springi haina kazi kabisa. Mchanga unataka upana, basi. Ndani ndani ya Utange, ambako matumbawe yamechomoza kama meno, hapo nilisema aah. Ukiteremka kwa kasi mikono haiumi, gurudumu halirukiruki, unaona unakokwenda. Na pembezoni mwa barabara za malori kule Changamwe, ambako lami imekatika ghafla, iliniokoa mara mbili. Nasema haki yake.

Lakini kuna bahari. Foku ya springi (naiita hivyo kwa mazoea, nyingi ndani ni hewa na mafuta) ina mipira midogo inayozuia uchafu, na mtengenezaji anataka mafuta ya miguu ya chini yabadilishwe kila baada ya saa 50 za kuendesha. Mtu wa kupeleka oda kwa baiskeli anamaliza saa 50 kwa wiki moja na kidogo. Hewa yetu ina chumvi, njia zetu zina mchanga mlaini. Nilimpelekea fundi wangu wa Likoni, mzee aliyeanza kukaza spoki kabla mamangu hajaolewa, nikamuuliza, "Mzee, hii ikikwama utaniokoa?" Akaibonyeza mara mbili, akanionyesha pembeni rundo la foku za springi kutoka baiskeli za mtumba, zote zimeshikana kwa kutu. "Mwanangu, hizi zote zilikuja zikinesa."

Najua kuna vijana Mtopanga na Bofu wanaonitumia picha za Migration Gravel Race, ile ya Maasai Mara iliyoanza 2021, siku nne, kama kilomita 650. Wanamtaja marehemu Sule Kangangi, nahodha wa Team Amani, aliyefariki Agosti 2022 akiwa kwenye mbio za graveli Vermont, Marekani. Wanataka kwenda alikokwenda, na wanaamini bila springi hawatafika. Kijana wa hivyo ndiye ninayemwandikia. Kwa saa sita za barabara ya mawimbi-mawimbi siku nne mfululizo, springi inalinda mikono kweli, na ukipata mfadhili ichukue. Kwa pesa yako ya kuungaunga, usithubutu. Baiskeli hizo zinaweza kuzidi bei ya pikipiki mpya ya boda, na ile foku peke yake inaongeza zaidi ya nusu kilo mbele.

Tafuta fremu yenye nafasi ya tairi 45 au 50, foku ya kawaida, breki za diski za nyaya ambazo fundi wa mtaa anazijua. Pesa inayobaki nunua tairi nzuri na tyubu za akiba, kisha jifunze kucheza na upepo. Mimi mwenyewe akiba yangu ya miaka miwili inaenda hapo. Mwenye fremu ya chuma ya saizi 54 anayoiuza, awe Likoni ama Kisauni, aniandikie inboksi.