Utunzaji wa bidhaa za ngozi safarini, ghalani na dukani

Viatu, mikoba, mikanda na makubazi ya ngozi ni miongoni mwa bidhaa zinazovuka mipaka ya Afrika Mashariki. Bidhaa za soko la Kariokor jijini Nairobi hupitia Namanga kuelekea Arusha, na viatu vilivyotengenezwa Moshi vinaweza kuingia Kenya kwa njia ya Holili na Taveta. Kwa kuwa ngozi haiozi upesi kama nyanya, wengi huipakia bila uangalifu. Hasara hujulikana katoni zinapofunguliwa: ukungu mweupe, madoa, mikunjo isiyotoka na harufu. Hapo mnunuzi hukataa mzigo au hudai bei ishuke.

Kutambua aina ya ngozi

Ngozi nyingi za viatu na mikoba hutiwa dawa ya kromiamu. Nyingine hutiwa dawa inayotokana na magome ya miti, kama miwati inayolimwa Njombe. Ngozi ya magome hunyonya maji upesi na hupata madoa kwa urahisi. Ikiwa imelowa, joto la nyuzi 70 hadi 85 za Selsiasi hutosha kuifanya isinyae na kukakamaa.

Kuna jaribio rahisi la kufanya kabla ya kusafisha. Tone moja la maji huwekwa mahali pasipoonekana. Likizama na kuacha alama nyeusi, ngozi hiyo haina rangi ya juu ya kuikinga, hivyo itumiwe maji kidogo sana. Likibaki juu, ngozi ina kinga na inaweza kupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu.

Kusafisha hatua kwa hatua

1. Vumbi liondolewe kwanza kwa brashi laini au kitambaa kikavu. Vumbi likilowa huwa tope na hukwaruza ngozi.

2. Uchafu upanguswe kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo isiyo kali. Ngozi ina asidi kiasi, na sabuni ya unga ya kufulia huharibu asidi hiyo na kuondoa mafuta yanayoilainisha. Bidhaa isiloweshwe kwenye beseni.

3. Bidhaa ikaushwe kivulini penye upepo. Jua kali, jiko na bati la moto huipasua. Viatu na mikoba ijazwe karatasi nyeupe ili isipoteze umbo. Wino wa magazeti huweza kuchafua bitana.

4. Ikishakauka, ipakwe mafuta ya ngozi au nta kidogo, kisha ing'arishwe. Mafuta ya kupikia hayafai, kwani huchacha, hunuka na huacha madoa.

Ngozi ya manyoya mafupi, maarufu kama swede, haipakwi mafuta wala nta. Husafishwa kwa brashi kavu na kifutio. Doa la mafuta kwenye ngozi yoyote hunyunyiziwa poda, huachwa usiku mmoja, kisha hupanguswa.

Ukungu

Ukungu humea pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 70 hivi kwa siku kadhaa. Hali hiyo ni ya kawaida Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, hasa wakati wa masika. Bidhaa yenye ukungu itengwe mara moja na kutolewa nje, kwani mbegu za ukungu huruka hadi kwenye bidhaa nzima. Ukungu usuguliwe kwa brashi kavu, kisha sehemu hiyo ipanguswe kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, baada ya kujaribiwa pembeni. Bidhaa irudi kwenye katoni ikiwa imekauka kabisa.

Kupakia na kusafirisha

Chanzo kikubwa cha unyevu safarini ni mzigo wenyewe. Viatu vilivyogundishwa au kupakwa rangi jana, katoni zilizolowa na mbao mbichi za chini huingiza maji ndani ya lori. Mchana joto hugeuza maji hayo kuwa mvuke. Usiku, gari likipanda nyanda za juu zenye baridi, mvuke hugeuka maji kwenye paa na kudondokea mzigo. Ndiyo sababu mzigo hulowa hata pasipo mvua.

Dereva anashauriwa kukagua matundu ya turubai kabla ya kupakia, kuinua katoni juu ya mbao kavu, na kutochanganya ngozi na samaki, chumvi au mafuta. Katoni zenye mikoba zisibebeshwe mizigo mizito. Vipakiti vya kukausha hewa viwekwe ndani ya kila katoni.

Kufunga bidhaa kwa nailoni huzuia unyevu usitoke. Pia kuna suala la sheria: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Mzigo uliofungwa kwa mifuko hiyo unaweza kuleta usumbufu mpakani. Karatasi au mifuko ya kitambaa ni salama zaidi.

Kwa wanaouza Ulaya

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2009 bidhaa zenye dimethili fumarati, dawa ya kuzuia ukungu iliyowekwa kwenye vipakiti na kuwasababishia watumiaji vipele. Tangu Mei 2015, bidhaa za ngozi zinazogusa mwili haziruhusiwi kuwa na miligramu 3 au zaidi za kromiamu ya aina ya sita kwa kila kilo ya ngozi kavu. Kemikali hiyo inaweza kuongezeka ngozi inapokaa kwenye joto kavu au jua. Kwa hiyo ghala lenye kivuli na hewa hulinda mwonekano wa bidhaa na pia nafasi yake sokoni.

Kupokea mzigo

Mpokeaji afungue katoni chache, za juu na za chini, dereva akiwapo. Doa, ukungu au maji yaandikwe kwenye hati ya kupokelea mzigo kabla ya kutiwa sahihi, na picha zipigwe. Hati ikishasainiwa bila maelezo, ni vigumu kuthibitisha kama uharibifu ulitokea kiwandani, njiani au ghalani, na mara nyingi hasara humwangukia mpokeaji.