Ukabidhi: Neno Lililokataliwa na Wanywa Chai

Bango lilitundikwa ukumbini hapa Mbamba Bay, likiwaita wananchi kwenye semina ya "mpango wa mali isiyohamishika". Mvuvi aliyeketi mbele yangu alilisoma mara mbili, akageuka: "Mwalimu, kumbe mtumbwi wangu haumo? Maana wenyewe unahamishika kila usiku."

Haumo. Wala nyavu, karabai, mbuzi, kahawa ya Mbinga iliyokwisha anikwa, au fedha za kwenye simu. Mfasiri alikuta neno la Kiingereza "estate", lenye maana mbili, ardhi na jumla ya mali ya mtu, akashika ile ya madalali wa viwanja. Na hilo "mpango" nalo! Kwa Kiswahili cha leo mwenye mpango ana nyumba ya kupanga au ana mpango wa kando, na huyo wa pili ndiye hujitokeza msibani na watoto wawili.

Wapo wanaojiona wajuzi zaidi, nao husema "mpango wa mirathi". Mirathi hufunguliwa, na haifunguliwi bila cheti cha kifo. Kumwambia mzee mzima wa afya aje kupanga mirathi yake ni kumpimia sanda. Halafu kuna "urithishaji", kipenzi cha mwenzangu mmoja ambaye sitamtaja kwa kuwa anajitaja mwenyewe kila kongamano. Neno zuri, ila wataalamu wa afya wamekwisha lichukua: wazazi hurithisha selimundu bila kukaa kikao.

Neno ni ukabidhi. Nililipeleka kwenye kamati moja miaka kadhaa iliyopita. Chai ilinyweka, jibu sikupata. Mjumbe mmoja alininong'oneza kwamba kabidhi, katika makamusi ya zamani, ni bahili. Ndiyo! Mzizi wake wa Kiarabu ni kushika, kufumbata. Kiswahili kikaupokea na kuugeuza: anayekabidhi hafumbati, anafumbua kiganja na kuweka kitu mkononi mwa mwingine. Maana zote mbili tunazihitaji. Mwenye mali anaibana leo isitapanywe, ili kesho iangukie mkono aliouchagua. Ubahili na ukarimu katika silabi nne. Kamati gani ingebuni hilo?

Tena serikali inalo tayari. Mtendaji Mkuu wa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ndiye Kabidhi Wasii Mkuu. Wasii ni aliyeusiwa, ndugu wa damu wa wosia. Cheo kimekaa mlangoni miaka yote, nasi tunazunguka nyuma ya nyumba kutafuta istilahi. Waliotunga Sheria za Wosia katika tangazo la sheria za mila la 1963 hawakuwa na woga huo: wosia wa mdomo waliutakia mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili "watu baki". Watu baki! Leo tungeandikiwa "wahusika wasio na uhusiano wa kinasaba".

Wamatengo huko juu, wanaolima kwa mashimo ya ngoro ili mvua isiondoke na udongo wa mlima, hawakungoja istilahi. Baba anamwonyesha kijana sehemu yake ya ntambo, ardhi ya ukoo, angali hai, akiwa amesimama juu yake. Huo ndio ukabidhi.

Matumizi, kwa ufupi: ukabidhi ni jina la jumla, chini yake zimo wosia, hiba, amana na jina la mrithi unaloliacha benki. RITA huhifadhi wosia. Anayefanya haya ni mkabidhi, anayepokea ni mkabidhiwa.

Baada ya semina nilimfuata kijana mwenye bango, nikamweleza yote haya, kuanzia Uarabuni. Alisikiliza kwa adabu. "Shikamoo tena, mwalimu," akasema, "lakini bango limeshalipiwa."