Niandike na Niandikie

Msomaji, ukitoka Nairobi kwenda Thika huna budi kupita Ruiru. Kabla ya majumba kujaa kama yalivyojaa sasa, barabara hiyo ilipita katikati ya mashamba ya kahawa, na ukifika Thika ukaendelea mbele, ulikuta mkonge. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Walowezi wa Kiingereza walikuwa wamekwisha gawiwa ardhi, nao walitaka vibarua. Na kwa kuwa walowezi waliojua Kikuyu walikuwa wachache, na vibarua waliojua Kiingereza wachache zaidi, amri zilitolewa kwa Kiswahili. Lakini kilikuwa Kiswahili cha namna gani?

Watu walikiita Kisetla. Mlowezi aliyetaka chai alisema, "Leta mimi chai," au, "Leta chai kwa mimi." Mtu wa Lamu au Unguja angesema, "Niletee chai." Litazame neno hilo moja lilivyobeba mzigo: mwanzoni yumo anayeletewa, katikati kimo kitendo, na mwishoni imo ile kauli ya kutendea, inayotuambia kwamba kitendo kinafanywa kwa ajili yake. Mwingereza huvitenga vitu hivi. Kitendo hukaa peke yake, mtu hufuata nyuma, na mara nyingi kati yao hutiwa neno dogo, "to" au "for". Basi mlowezi alichukua ramani ya nyumba ya kwao akaijenga kwa makuti yetu.

Pengine utacheka, useme chai ililetwa vivyo hivyo. Kweli, chai ililetwa. Lakini fikiri juu ya kitenzi "kuandika". Mtu akimwambia mwenye shamba, "Niandike," anaomba kazi. Akisema, "Niandikie," anaomba aandikiwe barua. Katika Kisetla yote mawili yalikuwa "Andika mimi". Na kuandikwa halikuwa jambo dogo siku zile. Tangu mwaka 1920 mwanamume Mwafrika wa Kenya alilazimika kuchukua kipande, karatasi iliyotiwa katika kijaluba cha chuma na kuvaliwa shingoni, na mwajiri ndiye aliyetia ndani yake siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Aliyeondoka shambani bila kutiwa sahihi aliweza kukamatwa kama mtoro. Tofauti ya silabi moja, kwa mtu kama huyo, haikuwa mchezo wa walimu wa sarufi.

Wala usidhani kwamba kibarua ndiye aliyeharibu lugha kwa ujinga. Kikuyu chake kilikuwa na kauli ile ile: "gũra" ni kununua, na "gũrĩra" ni kununulia. Alipunguza lugha yake ili aeleweke na bwana wake. Naye bwana, akisikia lugha hiyo iliyopunguzwa, alidhani ndiyo yote aliyo nayo.

Lakini tumtendee haki Mwingereza pia, maana lugha yake nayo imepatwa na mambo. Miaka elfu moja iliyopita Kiingereza kilitofautisha kwa umbo la neno. "Hine" alikuwa yule anayepigwa au kuonwa. "Him" alikuwa yule anayepewa au kuletewa. Wadani walikuwa wamekwisha kuja na kukaa Uingereza, na mwaka 1066 Wanormani wakaiteka nchi. Katika karne zile za mchanganyiko viishio vingi vilififia, na "hine" ikamezwa na "him". Kazi iliyofanywa na viishio ikabidi ifanywe na mpangilio wa maneno, pamoja na yale maneno madogo.

Wanormani waliacha jambo jingine linalokusumbua wewe darasani leo. Mwanafunzi wa Ruiru, akifikiri "Mwalimu alinieleza somo," huandika, "The teacher explained me the lesson," na mwalimu huchora mstari mwekundu. Mwanafunzi huona ameonewa, kwa sababu "told me" na "gave me" hukubaliwa. Sababu ni ukoo wa vitenzi. "Tell" na "give" ni vya asili ya lugha za kale za Kigermanik, navyo vimezoea kumpokea mtu mara moja. "Explain" na "describe" vina asili ya Kilatini, lugha iliyoingia Uingereza kwa mapadri, wanasheria na wasomi, na vitenzi vya ukoo huo kwa kawaida hudai "to" mbele ya mtu: "explained the lesson to me". Kanuni hii ina wakaidi wake, kama "promise", ambacho ni cha Kilatini na bado husemwa "promised me". Lakini itakuokoa mara nyingi zaidi kuliko kukariri orodha.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Vitabu vya shule vikafuata. Hata hivyo mashambani Kisetla kiliendelea, na mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha kuwafundisha walowezi Kiswahili cha bara.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 walowezi wengi waliuza mashamba yao wakaondoka, na amri zao zikaondoka nao. Nenda leo sokoni Thika usimame karibu na wauza viazi. Kiswahili utakachosikia hakitampendeza kila mwalimu wa Unguja, maana ngeli zimevurugwa huku na huku. Lakini sikiliza wanunuzi: nipimie, niongezee, nifungie, nipunguzie kidogo.