Ramani ya Maji ni Sehemu ya Ulinzi

Askari hodari huijua ardhi kabla ya kukutana na adui. Mwaka 1898 daktari Mjerumani, Richard Kandt, aliufuata mto Rukarara hadi msitu wa Nyungwe akitafuta chimbuko la Nile. Mwaka 1907 akaanzisha kituo cha Kigali. Ramani za enzi hizo zilionyesha mto unapopita, si utakapofurika, wala maji yaliyomo chini ya ardhi.

Leo kompyuta hupanga ramani juu ya ramani: miinuko, udongo, mvua, nyumba na visima. Wilayani Kicukiro faida yake ni mbili. Mvua ya vilimani huteremka kwa kasi mabondeni kuelekea Nyabarongo. Na kando ya mto huo huo vimechimbwa visima vya mtambo wa Kanzenze, uliozinduliwa mwaka 2021, unaoipatia Kigali maji ya kunywa. Bonde linalotisha ndilo linalonywesha.

Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130, hasa magharibi mwa Rwanda. Ramani peke yake haimhamishi mtu. Hapana budi amri ya kuhama itangulie mvua, na askari anayeitekeleza aweze kumweleza mwananchi sababu yake.