Mstari Uliokuja Baada ya Ukuta

Jirani akijenga ukuta ukaingia kwenye kiwanja cha mwenzake, siku hizi anayeitwa kwanza ni mpima. Bikoni zinatafutwa vichakani, kamba inavutwa, na kesi yote inageuka hesabu ya futi: ukuta umeingia kiasi gani. Utaratibu huu unategemea dhana ambayo ni nadra kuhojiwa, kwamba mpaka ulikuwepo kwanza, kisha jengo likaja kuuvunja. Katika miji mikongwe ya mwambao mambo yalikwenda kinyume. Nyumba za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, zilikuwa zimeshazeeka wakati serikali ya kikoloni ilipoanza kuandikisha milki mwanzoni mwa karne ya 20. Kuta ndizo zilizotangulia. Kwa hiyo mara nyingi mstari ndio ulioivamia nyumba, na hasara kubwa tuliyoipata katika mabadiliko hayo ni kwamba njia za kumaliza kesi zilipungua. Palipokuwa na majibu kadhaa pakabaki mawili: bomoa, au acha.

Tazama mtaa wa Mkomani, Lamu. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo hazibebi dari nzito ya mawe na chokaa kwa zaidi ya mita tatu hivi. Kila boriti inataka ukuta wa kulalia pande zote mbili, na nyumba zimeegemeana kiasi kwamba suala la ukuta wa nani unabeba boriti za nani lisingeweza kukwepwa. Juu ya vichochoro kuna vyumba vinavyovuka njia na kuunganisha nyumba mbili, viitwavyo wikio. Baba aliyemjengea binti yake nyumba ng'ambo ya kichochoro aliweza kuiunganisha na ya kwake kwa njia hiyo, na wanawake wakapita huku na huku bila kushuka mtaani. Kwa macho ya mpima wa leo, wikio ni uvamizi mara mbili: limekaa juu ya njia ya watu wote, na limejichomeka katika ukuta wa nyumba ya pili.

Sheria ya mwambao haikuliona hivyo, na tunajua kwa nini. Makadhi wa madhehebu ya Shafii walitegemea sana Minhaj ya Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, na kitabu hicho kinayashughulikia mambo haya kwa undani katika mlango wa sulhu. Kuhusu njia ya umma, kanuni ni kutowadhuru wapitao: kinachotokeza juu yake kiinuliwe kiasi cha mtu kupita bila kuinama, na ikiwa ni njia ya misafara, kiasi cha ngamia kupita na mzigo wake. (Lamu, mji wa punda, kanuni hiyohiyo inapimwa kwa mnyama mfupi zaidi.) Kuhusu boriti katika ukuta wa jirani, kauli ya mwisho ya Imam Shafii ni kwamba mwenye ukuta halazimishwi, ingawa ipo hadithi mashuhuri inayomhimiza asimzuie mwenzake. Akiruhusu bila malipo, amemwazima. Na hapa ndipo penye utamu wa fikihi: baada ya ujenzi bado anaweza kurudi nyuma, lakini kurudi kwake kunampa hiari ya mambo mawili tu. Ama aziache boriti zile zikae kwa kodi, ama zing'olewe na yeye mwenyewe alipe fidia ya thamani iliyopotea. Tena anaweza tangu mwanzo kuiuza haki hiyo moja kwa moja, na hapo ukuta ukianguka ukajengwa upya, haki ya boriti inarudi nao.

Atasema mtu kwamba kitabu si mtaa, na kwamba yaliyoandikwa Sham hayathibitishi yaliyofanyika Lamu au Mombasa. Pingamizi hili ni zito, maana kumbukumbu za kesi za ujirani kabla ya ukoloni ni chache. Lakini majengo yenyewe yanashuhudia. Wikio haliwezi kusimama miaka mia na zaidi bila ridhaa ya mwenye ukuta wa pili na uvumilivu wa wapita njia. Ushahidi mwingine unatoka mahali pasipotarajiwa, yaani kwa wakoloni. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyowekwa kwa ajili ya mwambao uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, iliwataka watu walete madai yao ili wapewe hati. Humo ilitamkwa kwamba mwenye hati ya milki atahesabiwa pia kuwa mwenye minazi, nyumba na majengo yaliyo juu ya ardhi hiyo, isipokuwa hati yenyewe iwe na maelezo ya kinyume. Kwa Mwingereza wa kawaida sentensi hiyo ni ya ajabu. Kwao jengo linafuata ardhi, basi kulikuwa na haja gani ya kuitaja minazi? Walioiandika walijua kwamba pwani shamba laweza kuwa la huyu, minazi ya yule, na nyumba ya mtu wa tatu, na hakuna aliyemvamia mwenziwe.

Sheria hiyo haikuufuta mpango wa zamani mara moja, lakini iligeuza mzigo. Yule ambaye nyumba yake ilikaa kwenye ardhi ya mwingine sasa alihitaji kuandikwa. Asipoandikwa, karatasi ilimhesabu hayupo. Mombasa, nyumba bila ardhi ziliendelea kujengwa, kuuzwa, kupangishwa na kurithiwa, mwenye nyumba akimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Makubaliano hayo yalishikwa zaidi na mdomo na mashahidi. Ardhi ilipouzwa kwa mtu wa nje ya mtaa, mnunuzi alisoma hati, hakuona jina la mwenye nyumba, akamhesabu mvamizi.

Lakini tusiupambe wakati uliopita. Mpango wa kutenga nyumba na ardhi uliwafaa sana waungwana wenye ardhi, na walioishi kwa ridhaa yao mara nyingi walikuwa watumwa walioachwa huru na wazao wao. Mtaa wa Ng'ambo, Zanzibar, unalionyesha hilo wazi. Wengi walijenga pale vibanda vyao kwa hisani ya wenye ardhi, na ardhi ilipopanda thamani hisani hiyo ikageuzwa kodi, kisha kodi ikapandishwa. Mwaka 1928 wakazi waligoma kulipa. Mtu anaweza kusema kwamba kisa hiki kinaivunja hoja yangu: kumbe ulaini wa zamani ulikuwa ulaini wa mwenye nguvu. Mimi nakisoma tofauti. Wagomaji hawakudai kupimiwa mistari. Waligombea masharti ya kukaa, na waliweza kuyagombea kwa sababu kila mtu alikubali kwamba nyumba ni yao. Mvamizi hana masharti ya kugombea. Dhuluma ilikuwepo, ila ilikuwa na mlango wa kujadiliwa.

Pingamizi jingine nalikubali kwa sehemu kubwa zaidi: bila mpaka ulio wazi, mwenye pesa atasogeza ukuta kila mwaka. Ndiyo maana mipaka ilikuwepo hata kabla ya wazungu. Wachaga wa Kilimanjaro walipanda masale kwenye mipaka ya vihamba, Wakikuyu walipanda maua ya itoka, na fikihi yenyewe haina huruma na mnyang'anyi. Aliyejenga kwa kupora anabomoa kwa gharama yake. Tofauti ni kwamba mpaka wa masale ulipandwa mbele ya watu na kukumbukwa na watu, na aliyeuhamisha alijulikana. Kenya ilipotunga Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa mwaka 1963, ilikubali kimyakimya kwamba karatasi peke yake haitoshi. Ramani za usajili zilihesabiwa kuonyesha mpaka kwa makadirio tu, na mgogoro wa mpaka ulipaswa kupita kwanza kwa msajili kabla ya mahakama kuusikiliza. Sheria ya mwaka 2012 iliyochukua nafasi yake, na iliyofuta pia ile ya 1908, imebaki na kanuni hiyo. Basi anayepeperusha ramani ya aina hiyo kama ushahidi wa inchi sita anadai usahihi ambao ramani yenyewe haijidai.

Kuna na kanuni ya muda, nayo inakubali kwamba ukuta uliokaa sana una hoja. Kenya na Tanzania bara zote zinampa mwenye ardhi miaka 12 ya kudai. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliyoketi Malindi iliulizwa kama kanuni hiyo inapingana na haki ya kumiliki mali katika Katiba ya 2010, ikajibu kwamba haipingani. Lakini kanuni hii nayo ni ya yote au hakuna: kabla ya mwaka wa 12 jirani anaweza kupoteza ukuta wote, baada yake mwenye kiwanja anapoteza ardhi yote. Kodi, fidia, kuuziana haki ya boriti, yale ya katikati hayamo. Yakitokea leo, yanatokea nje ya hukumu, kwa usuluhishi. Tanzania bara, tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza la kata halihukumu tena kesi ya ardhi, linasuluhisha tu kabla shauri halijafika baraza la wilaya. Wengi waliona limenyang'anywa meno. Kwa kesi ya ukuta ulioingia futi mbili, huenda limepewa kazi ambayo kadhi wa Lamu angeitambua, mradi wajumbe wake wathubutu kuweka mezani kodi na fidia, badala ya kumwita mpima kabla hawajauliza nani alimruhusu nani kujenga.